Shafti ya Upande wa Kukamia

Watu wa nyumbani Tiwi wameniuliza mara nyingi nilikwenda Kinango kufanya nini, na kila mara nimewajibu, "Kutengeneza gari," kisha nikanyamaza. Mimi si msemaji. Lakini safari ile ilikuwa yangu, ya kwanza niliyotumwa peke yangu na sanduku la spana, na sitaki ipotee kwa sababu ya ulimi wangu mzito. Kwa hiyo nimeketi kuiandika polepole, kituo kwa kituo.

Ilianzia Ukunda, jioni, tukiwa tunafunga gereji. Simu ya Fundi Nasoro ililia. Fundi Nasoro ndiye aliyenipokea nilipomaliza darasa la nane, na kila alichonifundisha alinifundisha kwa kushika mkono wangu na kuuweka mahali panapotakiwa. Mbele ya wateja aliniita "kijana" tu. Aliyepiga simu alikuwa mteja wetu wa zamani, Mzee Mangale, mfugaji anayekaa mbele ya Kinango, upande wa Ndavaya. Fundi aliiweka simu kwenye spika ili nami nisikie.

"Fundi, gari limekataa!" Mzee Mangale alikuwa akipiga kelele kwa sababu ya upepo. "Lilianza kulia kata-kata-kata nikikata kona. Sasa injini inanguruma, gia inaingia, gari halisogei. Na mama yangu anatakiwa hospitali ya Msambweni keshokutwa. Wale madaktari wa macho wanaondoka siku hiyo hiyo."

"Upande gani unaolia?"

"Upande wa kukamia!"

Simu ikakatika. Mzee Mangale hupanda kilima kutafuta mtandao, na akishateremka hapatikani tena. Tulimpigia mpaka giza likaingia, bila kumpata.

Asiyejua magari nimweleze kidogo. Gari kama lile huvutwa na magurudumu ya mbele. Kutoka kwenye giaboksi hutoka fimbo mbili za chuma ziitwazo shafti, kila moja ikienda kwenye gurudumu lake. Kwenye ncha ya nje ya shafti kuna kichwa chenye gololi ndani yake, nasi hukiita sivi. Hicho ndicho kinachoruhusu gurudumu kukata kona huku likizunguka, kama kifundo cha mkono. Sivi huishi ndani ya grisi, na grisi hufunikwa na raba. Raba ikipasuka, mchanga unaingia, chuma kinatafuna chuma, na gari huanza kulia kwenye kona hadi siku linapokataa kabisa. Sasa, zile shafti mbili hazilingani. Ya kushoto ni fupi, ya kulia ni ndefu. Ukibeba isiyo yake umebeba mzigo wa bure.

"Upande wa kukamia," Fundi Nasoro alirudia, akicheka huku ameshika kiuno. Kiuno kilikuwa kimemkamata wiki nzima, akawa anainuka kwa kushikilia ukuta. "Ng'ombe hukamwa upande gani, kijana?"

Nilisema sijui. Kwetu Tiwi tunakwea minazi.

"Mimi pia sijui. Na hapa tutamuuliza nani? Maziwa ya Ukunda hutoka kwenye pakiti." Alifikiri. Fedha aliyotuma mzee kwa simu kabla ya kuteremka kilima ilitosha shafti moja. "Beba ya kushoto. Gari nyingi za kule huanza kufa kushoto, kwa sababu dereva hukwepa mashimo akaangukia korongo la kando."

Nilitamani kusema, "Tungoje, tumuulize mtu." Neno lilifika kooni likarudi. Fundi akanitazama, akasema, "Utakwenda wewe. Mimi na kiuno hiki siwezi kulala chini ya gari. Bibi yule amekaa gizani muda mrefu, na ameapa kwamba pikipiki hapandi tena tangu imwangushe. Gari lile lisipotembea, hafiki."

Alfajiri niliondoka na lori la nazi lililokuwa likienda sokoni Kinango. Dereva wake, Mutua, ni mtu wa bara aliyehamia Ukunda, na maneno yake hayana breki. Niliweka shafti katikati ya miguu yangu na sanduku la spana mapajani. Tulipita Tiwi, nikaona paa la nyumba yetu kwa mbali, wala sikusema kitu. Kombani tukaacha barabara kuu, tukaanza kupanda kwenda Matuga na Kwale.

"Wewe buda uko sawa?" Mutua aliniuliza. "Tangu Ukunda umesema 'ndiyo' na 'aa'. Unasave bundles za kuongea?"

"Nafikiri."

"Unafikiria nini?"

"Ng'ombe hukamwa upande gani?"

Mutua alicheka mpaka akapunguza mwendo. Alisema yeye amekulia kwenye ng'ombe, lakini kwao kila mtu hukama anavyojua na ng'ombe wenyewe huzoea. Jibu hilo lilinizidishia uzito. Nilikuwa nimebeba chuma cha upande mmoja, na upande wenyewe nilikuwa nimepewa kwa kubahatisha.

Baada ya Kwale mji tulipita kwenye milima ya Shimba. Pale juu kulikuwa na ukungu na baridi, na kinyesi cha ndovu katikati ya lami kikiwa bado kinatoa moshi. Kisha barabara ikateremka upande wa pili, na ilikuwa kama mtu amefunga mlango nyuma yetu. Minazi iliisha. Udongo ukawa mwekundu, kisha mweupe, na madebe ya njano yakaanza kuonekana kando ya njia, yamepangwa kwenye foleni bila wenyewe, yakingoja maji.

Kinango tulifika jua likiwa limepanda, na ilikuwa siku ya mnada. Mutua alipokuwa akishusha nazi, nilisimama kwenye ukingo wa soko la mifugo na shafti begani. Ng'ombe walikuwa wengi, na watu walikuwa wengi kuliko ng'ombe. Kuuliza swali la kitoto mbele ya wanaume wanaojua mambo yao ni jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Lakini nilimkumbuka yule bibi, nikamwendea mama mmoja aliyekuwa akiuza maziwa lala kwenye vibuyu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kikombe?"

"Samahani. Ng'ombe... hukamwa upande gani?"

Alinitazama, akaitazama shafti. "Umeolewa huku?" aliniuliza, na wanawake waliokuwa karibu wakapasuka kwa kicheko. Masikio yalinichoma. Kisha akanionea huruma. "Kulia, mwanangu. Ng'ombe wetu ukimwendea kushoto anakupa teke ulale na kibuyu chako. Hata ukisema 'upande wa kukamia' kwa kiti au kwa nyumba, mtu wa huku anajua ni kulia."

Kulia. Mimi nilikuwa na ya kushoto.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Kurudi Ukunda na kuja tena kungemaliza siku, na siku hiyo moja ndiyo tuliyokuwa nayo. Yule mama akanimiminia kikombe bila kuombwa. "Kuna fundi nyuma ya soko," alisema. "Anaitwa Tsuma. Ana mifupa ya magari mengi. Kunywa kwanza."

Gereji ya Tsuma ilikuwa mabati machache na magari yaliyoliwa mpaka mbavu. Nilimweleza shida yangu kwa maneno machache kadiri nilivyoweza. Aliingia ndani ya gari moja lililokufa, akatoka na shafti ndefu.

"Hii ndiyo yenyewe. Lakini kichwa chake cha nje kimekufa, nakwambia kabisa."

Nilikishika na kukizungusha. Kilicheza ndani kama jino bovu. Fimbo yenyewe ilikuwa imenyooka, na upande wake wa giaboksi ulikuwa mzima. Kisha nikaishika yangu. Fupi, lakini kichwa chake cha nje kilikuwa kipya, kimebana. Hapo ndipo mkono wangu ulipojua kabla ya kichwa changu. Shafti hutofautiana urefu, lakini vichwa vya nje vya gari lile ni mapacha. Nilihesabu meno ya hii na ya hii. Yalilingana.

"Nipe jiliwa na nyundo," nilimwambia.

"Unataka kukihamisha kichwa?" Tsuma alikunja uso. "Ukikivunja?"

"Sitakivunja."

Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo, nikashangaa kama alivyoshangaa yeye.

Tulikubaliana kwa desturi ya mnada ule: kitu kwa kitu. Yeye achukue fimbo yangu fupi na kile kichwa kilichokufa, mimi nichukue fimbo yake ndefu. "Unachukua langu na kovu lake, nachukua lako na kovu lake, na hakuna kurudishiana," alisema. Akamwita yule mama wa maziwa awe shahidi, kwa kuwa huko bila shahidi hakuna mapatano. Mama alisimama mbele yetu na kibuyu mkononi, akasema, "Nimeona," na mambo yakaisha.

Nikafanya kazi. Niliibana shafti yangu fupi kwenye jiliwa, nikasafisha grisi mpaka nikauona mduara wa ndani, nikaweka kipande cha shaba juu yake na kupiga mara moja kwa nguvu. Kichwa kikaruka kutoka kwenye fimbo kama kizibo, na kile kilichokufa kwenye fimbo ndefu nikakitoa vivyo hivyo. Kile kipya nilikiosha kwa mafuta ya taa, nikakishindilia grisi mpya kwa kidole gumba mpaka ikatokea upande wa pili. Kisha nikavisha raba mpya, ile iliyokuja na shafti yangu, kwenye fimbo ndefu kwanza, kabla ya kichwa. Mafundi wengi husahau hapo, wakagonga kichwa kikaingia, wakaigeukia raba imelala mezani inawacheka. Nilikipiga taratibu mpaka kikasema tap na kikakataa kutoka. Tsuma alikivuta kwa mikono miwili. Hakikutoka.

"Nani amekufundisha?"

"Fundi Nasoro wa Ukunda."

"Msalimie," alisema. Nilitamani Fundi Nasoro awepo asikie.

Kutoka Kinango nilipanda pikipiki, shafti imelala mapajani. Kila tulipopita watu walisogea kando, wakidhani nimebeba silaha. Njia ilikuwa mawe na miiba, na kwenye mabwawa yaliyokauka udongo ulikuwa umepasuka vipande vipande kama sahani. Kila tulipoangukia shimo niliishika ile raba kwa kiganja, kama mtu anayefunika uso wa mtoto.

Alasiri nilifika kwa Mzee Mangale. Gari lake jeupe, stesheni wagoni, lilikuwa limekaa mbele ya zizi limeinamisha pua. Mzee alinipokea kwa mikono miwili, akatazama nyuma yangu.

"Fundi yuko wapi?"

Kabla sijajibu, sauti ilitoka kivulini mwa nyumba. Bibi kizee alikuwa ameketi kwenye kigoda, macho yake meupe kama maji ya mchele. Huyo ndiye Bibi Mbodze, mama yake Mzee Mangale. "Na nani huyo asiyesalimia?"

Nilikuwa nimesalimia, ila kimoyomoyo. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sauti kama ya kuku aliyelowa! Mdigo wewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mdigo asiyesema! Mangale, umetapeliwa. Huyu si wa pwani."

Walicheka, nami nikacheka, na mkono wangu ukawa mwepesi. Nililala chini ya gari upande wa kulia. Sikuona raba. Niliona vipande vya ngozi ya mbuzi vimening'inia kwenye uzi, na mchanga umejaa mahali pa grisi.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ah, hiyo." Mzee Mangale alijikohoza. "Raba ilipopasuka nilishona ngozi, nzuri kabisa, nikajaza samli. Ilikaa vizuri. Mbwa ndio walioiharibu."

"Nilimwambia!" Bibi Mbodze alisema kutoka kivulini. "Kila siku nasikia mbwa wanalamba gari. Nikamwambia, Mangale, mbwa wanakula gari lako. Akaniambia wanalilinda."

Mzee Mangale aligeuka, akaanza kuhesabu ng'ombe wake.

Nati kubwa ya katikati ya gurudumu ilikuwa imeshikana na kutu, hata nilipoikanyaga spana kwa miguu yote miwili haikutikisika. Mzee alileta bomba kutoka kwenye plau ya kukokotwa na ng'ombe, tukalivisha kwenye mpini wa spana ili urefu utusaidie, tukavuta pamoja. Nati ilipiga yowe, ikaachia. Nikapandisha gari kwa jeki na kuweka mawe chini, kwa kuwa jeki peke yake si ya kuaminiwa. Nikatoa gurudumu, nikafungua bolijointi, kiungo cha chini kinachoshikilia gurudumu, nikaivuta shafti ya zamani kutoka kwenye giaboksi. Kichwa chake kilitoka vipande vipande mkononi mwangu. Oili ya gia ilimwagika kwenye karai, nyeusi kama kahawa.

Sasa ndiyo ilikuwa saa yenyewe. Fimbo ikiwa fupi au ndefu kwa upana wa kidole, yote niliyoyafanya Kinango yalikuwa mchezo. Niliiingiza shafti, nikayaelekeza meno yake gizani kwa kuyapapasa, nikasukuma kwa bega. Nikasukuma tena.

"Imeingia," alisema Bibi Mbodze.

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Niliivuta. Haikutoka. Bibi alikuwa ameusikia ule mlio mdogo wa rini, pete ya ncha ya shafti, ikikaa mahali pake, kutoka pale alipoketi.

Jua lilipokuwa likishuka nyuma ya zizi, nilikuwa nimekwisha kaza nati na kujaza oili mpya. Mzee Mangale aliwasha gari, akalizungusha polepole kuzunguka zizi, usukani umekatwa mpaka mwisho, kwanza kushoto, kisha kulia. Ng'ombe walitutazama. Kona ya kulia ndiyo iliyokuwa ikilia siku zote, nami niliinama na kuweka mkono nyuma ya sikio.

"Limeacha kutafuna," Bibi Mbodze alisema. Akaingia ndani kupanga nguo zake za safari.

Kulipokucha Mzee Mangale alikama kwanza, kwa kuwa ng'ombe hawangoji madaktari. Alichuchumaa upande wa kulia wa ng'ombe, akanikonyeza. Tukanywa maziwa ya moto, tukaondoka, Bibi kiti cha mbele, mimi nyuma na spana zangu.

Barabara ya mawe ilitupima mpaka Kinango, gari likavumilia. Kule milimani, kwenye kona za kuteremka kutoka Kwale, Mzee Mangale alifungua madirisha yote. Tulikuwa tukizungumza vizuri, lakini kila kona ilipokaribia maneno yalikatika yenyewe, hata Bibi akanyamaza, sote tukisikiliza upande wa kulia. Kona ikipita, mazungumzo yanarudi pale yalipoachwa. Mimi nimeishi na ukimya maisha yangu yote, na watu wamenilaumu kwa huo. Siku ile ndani ya gari watu wazima walikuwa wakiungoja ukimya kwa hamu, na ulikuwa kazi ya mikono yangu.

Ukunda tulisimama gereji kwa muda mfupi. Fundi Nasoro alitoka amejishika kiuno, akamwomba Mzee Mangale azungushe gari uwanjani, usukani mpaka mwisho. Alifumba macho kusikiliza. Kisha akainama kwa shida, akaitazama shafti, akaniangalia.

"Hii ni ndefu."

"Kukamia ni kulia, Fundi. Nimeuliza Kinango. Kichwa nimekihamisha."

Akainuka kwa kushikilia gari. Kisha akaenda kwenye dirisha la mbele. "Shikamoo, mama. Msambweni utafika salama. Gari hili limetengenezwa na fundi wangu."

"Yule asiyesema?" Bibi aliuliza.

"Huyo huyo."

Msambweni tulifika foleni ya wagonjwa ikiwa bado haijaisha. Mzee Mangale alimshika mama yake mkono upande mmoja, mimi nikamshika upande wa pili. Wauguzi walisoma jina lake, akaitika kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. Kisha mlango ukafungwa nyuma yake, nasi tukaketi kwenye ukuta, mikono yangu ikiwa bado myeusi kwa grisi.

Siku ya pili nilirudi Msambweni, kwa kuwa Bibi Mbodze alikuwa ameniagiza. Mtoto wa jicho alikuwa ametolewa, na bandeji ilikuwa imefunguliwa asubuhi ile. Nilimkuta nje, amesimama karibu na gari, akimtazama kila anayepita kama mtu aliyefika mji mpya. Vijana kadhaa tulikuwa tukija kutoka langoni. Alitutazama mmoja mmoja, akashindwa.

"Mwenye kutengeneza gari ni yupi kati yenu? Sema neno nikujue."

Wote waligeuka. Nilihisi ulimi unataka kurudi kooni, kama kawaida yake. Nikasema kwa sauti, "Upande wa kukamia, Bibi!"

Alicheka mpaka Mzee Mangale akamkataza, asije akaliumiza jicho. Alinishika mikono, akaigeuza, akazitazama kucha zangu nyeusi kwa karibu sana. "Kumbe kadogo hivi," alisema. Kisha akazunguka gari, akalipiga kofi gurudumu la kulia la mbele, kama unavyompiga ng'ombe mzuri ubavuni, akaingia.

Nimejifunza kwamba kuuliza ni spana kama spana nyingine, na sasa husafiri nayo. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni lile gari likitoka pale. Mzee Mangale alikata kona ya langoni, kona kali, usukani mpaka mwisho, kulia. Nilisimama nikasikiliza mpaka likapotelea kwenye barabara kuu. Sikusikia kitu.